Mzazi ukimleta mjini ananyauka, ukimwacha kijijini yuko peke yake. Wenzetu mnafanyaje?

#1 Mwana wa Migombani
Habari wana jukwaa. Niende moja kwa moja.

Mama yangu ana miaka 74, yuko kijijini kwetu Rombo. Mzee alitangulia, amezikwa hapo hapo kihambani. Sisi watoto tumetawanyika: mimi Dar, kaka Arusha, mdogo wetu Mbeya kikazi. Mwaka jana mama alianguka usiku akienda chooni, akateguka mguu. Tukakaa kikao, ikaamuliwa nimchukue mimi. Nikamleta kwangu Madale, hapa Dar. Chumba chake, choo ndani, televisheni, dada wa kazi, bima. Nikajiona nimemaliza.

Miezi michache tu mama akawa mtu mwingine. Chakula anadokoa. Haulizi habari za mtu. Nyumba ina ukuta na geti, na chini ya geti kuna upenyo wa kama shubiri moja. Siku moja narudi kazini nakuta kaweka kigoda pale, anasalimia miguu inayopita. Akiona kandambili, "Hujambo mwanangu?" Wengine wanaitikia, wengine wanaongeza mwendo wakidhani ni mauzauza.

Krismasi tulipanda wote nyumbani, kufika akagoma kurudi. Sasa yuko kule, binti wa jirani anakuja kulala naye. Amenenepa, anapalilia, anagombana na watu, yaani mzima kabisa. Ila simu ikiita baada ya saa nne usiku moyo unaniruka.

Hoja yangu ni kwamba mji ndio unaua wazee, si maradhi. Kaka anasema naota. Mliopita huku, mzazi anayetaka kuzeekea kwake mnamsaidiaje asiwe mpweke na asianguke tena?

#2 Kijiwe Nongwa
Nimeweka kigoda getini nasubiri wajuzi. 😂 Pole lakini mkuu, hiyo ya kusalimia miguu imeniuma.

#3 Mwanahesabu
Mleta mada, kwa heshima, hoja yako ina tundu. Wazee wengi huletwa mjini lini? Wakishaanguka, wakishaugua, wakishafiwa na mwenza. Mtu anafika Dar akiwa tayari anashuka, halafu tunasema Dar imemshusha. Ukitaka kujua kama mji unaua, linganisha na wale walioanguka wakabaki kijijini. Hao hatuhesabu, tunakwenda tu kuzika.

#4 Shemeji wa Wote
Mwanahesabu umeongea kitaalamu lakini huyo mama alirudi akanenepa. Hilo utalielezaje?

Mimi nina jibu langu, nalo halina uhusiano na hewa ya mji. Ni madaraka. Kule kwake anashika funguo ya stoo, anajua debe la mahindi limebaki nusu, anaamua mbuzi gani auzwe na mtoto wa nani asikanyage shambani kwake. Kwako akishika ufagio dada wa kazi anamnyang'anya, "bibi pumzika". Akiingia jikoni anaambiwa gesi ni hatari. Mtu aliyeendesha boma miaka hamsini unamwambia kazi yako sasa ni kuangalia tamthilia. Nani hatanyauka?

Mama yangu nilimkabidhi banda la kuku. Kuku wake, hela yake, daftari lake. Amekaa kwangu Kibaha mwaka wa tatu na hana habari ya kuondoka.

#5 Kijiwe Nongwa
#4 mkeo anasemaje kuhusu hao kuku?

#6 Shemeji wa Wote
Tusiingize siasa humu.

#7 Nesi wa Zamu
Nasoma watu wanarusha falsafa. Nina maswali ya kawaida kwa mleta mada.

Masikio yamepimwa? Mzee asiyesikia vizuri haongei mezani, hacheki watu wakicheka, mwisho anaacha kukaa na watu. Familia inasema ana msongo au ana kiburi. Nimeona wazee waliotolewa nta iliyokauka tu wakaanza kusimulia hadithi pale pale. Macho je? Mtoto wa jicho unaondolewa kwa upasuaji wa muda mfupi, lakini wengi wanaamini kuona ukungu ndiyo uzee wenyewe.

Halafu hilo la kuanguka usiku. Anatumia dawa za presha? Kuna dawa mtu akinyanyuka ghafla kitandani damu inashuka, anapata kizunguzungu, chini. Mfundishe akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu ikanyage chini, atulie kidogo ndipo asimame. Na usimpunguzie dawa mwenyewe, apelekwe akaangaliwe.

Upweke nao ni suala la afya. Shirika la Afya Duniani liliunda tume kuhusu jambo hili mwaka 2023, na ripoti yao ya 2025 inasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke. Wazee ndio waathirika wakubwa.

#8 Mwanahesabu
Nesi, nakubaliana na mengi ila hapo mwisho sahihisha. Ripoti hiyo hiyo inaonyesha vijana, hasa wa umri wa shule za sekondari, ndio wanaosema wapo wapweke kuliko makundi mengine. Kwa wazee kilichotajwa zaidi ni kukosa mawasiliano na watu, kwamba huenda hadi mzee 1 kati ya 3 ametengwa kwa namna hiyo. Mtu anaweza kukaa peke yake na asiwe mpweke, na mwingine yupo kwenye nyumba ya watu tisa anasalimia miguu.

#9 Nesi wa Zamu
Sawa Mwanahesabu, hapo umenipata. Masikio bado yapimwe.

#10 Mlinzi wa Boma
Mimi ndiye yule mtoto ambaye hamtaji kwenye vikao vyenu. Niliyebaki nyumbani.

Kila familia ina mmoja. Wengine mna kazi, mimi inahesabika sina kwa kuwa nalima. Baba yangu ana miaka 81, nakaa naye Makete. Alfajiri nawasha moto mapema maana baridi ya kule inamkaza viungo, nampasha maji, namvisha soksi. Soksi si mchezo, mguu umevimba, ukivuta vibaya anapiga kelele majirani wanakuja. Kisha dawa, kisha nampeleka juani ukutani upande wa mashariki, na jua likihama nahamisha kiti. Jioni narudisha. Katikati ya hapo kuna shamba, kuna ng'ombe, kuna mke wangu ambaye hakuolewa ili aje kumwogesha baba mkwe.

Ndugu wa mjini mnatuma elfu hamsini mwisho wa mwezi halafu mnapiga simu kuuliza "mzee umekula?" Mnamuuliza yeye, mimi nikiwa nimekaa pembeni! Mkija Desemba mnashangaa kwa nini amekonda, mnampeleka hospitali kubwa siku moja, mnapiga picha, mnarudi. Ushauri wa kumsaidia mzazi azeekee kwake unaanza na yule anayeishi naye. Anapumzika lini? Anaumwa lini? Nani anamshika mzee ili yeye akasalie msiba wa rafiki yake?

Sijalaumu mtu, lakini huyo binti wa jirani anayelala na mama yako analipwa nini?

#11 Mwana wa Migombani
#10 asante, hilo swali limeniingia. Tunamlipia ada ya shule na sare. Kuhusu kupumzika kwake kweli hatukuwahi kupanga. Nesi, masikio hatujapima. Nitampeleka hospitali ya Huruma nikipanda.

#12 Kijiwe Nongwa
Mlinzi wa Boma umenyamazisha uzi mzima.

#13 Fundi Kipimo
Nyie ongeeni ya moyoni, mimi niongee ya chooni maana ndiko mama alikokuwa anaelekea alipoanguka.

Choo cha nje cha shimo hakihitaji kubomolewa. Tengeneza kiti cha mbao ngumu chenye tundu, kikae juu ya shimo, miguu ifungwe kwenye sakafu kisiteleze. Pembeni weka bomba la chuma la inchi moja na robo la kushikilia. Urefu usipimwe kwa kukisia. Mama asimame wima na viatu vyake, mikono ining'inie, bomba lije usawa wa kifundo cha mkono. Lichimbiwe chini kwa zege, usilipachike kwenye ukuta wa udongo, siku akiliegemea litang'oka naye.

Njia ya kutoka mlangoni hadi chooni isiwe na ngazi. Ikilazimika iwepo, ukingo wake upakwe chokaa au rangi nyeupe auone gizani. Taa ya jua yenye kujiwasha ikihisi mtu ni bei ya kawaida madukani siku hizi. Mwisho, kandambili zilizolika soli zitupwe. Zinaangusha wazee hizo kuliko majini wote.

#14 Nesi wa Zamu
Fundi nakupa maua yako. Naongeza, usiku aweke kopo chumbani. Bibi zetu walifanya hivyo, sisi tukaona ushamba.

#15 Kaka Mkubwa Tanga
Kwetu jambo hili lilikuwa na mahala pake. Nyumba ilikuwa na baraza mbele, baraza ya saruji ndefu, jamvi juu, mzee anakaa baada ya alasiri. Muuza kahawa anapita na dele lake na vikombe vinagongana, kashata ipo, bao lipo, habari za mji mzima zinamfikia hapo hapo. Mgonjwa wa miguu haendi kwa watu, watu wanakuja kwake. Na asipoonekana siku moja, mlango unagongwa.

Sasa nyumba mpya zote baraza imevunjwa ikawa maegesho, mbele ukuta, juu ya ukuta nyaya za umeme. Halafu tunauliza mzee kakosa nini. Mleta mada, ungetoa tofali chache ukaweka benchi nje ya ukuta wako pale Madale, mama asingehitaji upenyo.

#16 Shemeji wa Wote
Benchi nje Madale? Bodaboda watalifanya kituo kesho yake.

#17 Kaka Mkubwa Tanga
Wafanye. Baba yangu mdogo alihamishiwa Mwanza kwa mwanawe, akakuta kijiwe cha bodaboda kona ya mtaa. Wakamfanya mwenyekiti. Anawatunzia kofia, anasuluhisha ugomvi wao wa zamu, wakipata wanamnunulia chai. Siku aliposhikwa na homa ni wao walimpeleka zahanati kabla mwanawe hajajua.

#18 Ng'wana Sengerema
Watu mnaongea kijijini kama peponi. Niweke upande wa pili.

Huku Kanda ya Ziwa, Shinyanga, Geita, Mwanza vijijini, mama mzee anayekaa peke yake hayuko salama kwa kuwa tu yuko kwao. Mmesikia miaka mingi mauaji ya vikongwe. Amepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yote, moshi umemwekundisha macho, mtu anafiwa na mtoto anakwenda kwa mganga, anarudi na jina la huyo mama kuwa ndiye mchawi. Mara nyingi nyuma yake kuna shamba analoligombea mtu. Mjane ambaye watoto wako mbali, hatembelewi, haendi kanisani wala kikundi, ndiye rahisi kunyooshewa kidole, maana hakuna atakayesimama kumtetea.

Ndiyo maana watu kumtembelea mzee kwangu naona ni ulinzi. Kule Nshamba, Muleba, kuna shirika la Kwa Wazee, lilianza mwaka 2003 na bibi waliobaki na wajukuu baada ya ukimwi kuchukua wazazi. Wanawapa pensheni ndogo, lakini pia wameunda vikundi vya wazee wenyewe kwa wenyewe, wanajuliana hali. Mzee mwenye kikundi hanyooshewi kidole ovyo.

#19 Mwana wa Migombani
Kwetu hilo silioni sana lakini umenifumbua. Mama yuko kwenye jumuiya ndogondogo ya parokia, kila wiki sala inazunguka nyumba kwa nyumba. Asipokwenda wanamfuata. Kwa kweli nikifikiri, ndicho alichokuwa analilia Madale. Kule kwetu Dar jumuiya ipo ila nilikuwa sihudhurii mimi mwenyewe, nani angempeleka?

#20 Kijiwe Nongwa
Aaah kumbe mhusika mkuu ni wewe, sio mji. 😂

#21 Mjukuu wa Shosho
Salamu kutoka Nyandarua. Hapa Kenya ukifika miaka 70 unaingia Inua Jamii, mpango wa serikali, shilingi elfu mbili za Kenya kwa mwezi, tangu 2018 haijalishi kama una mali au huna. Si pesa nyingi. Lakini shosho yangu, yaani bibi, ameitumia kwa njia yake. Yeye na wenzake wana chama, kila mmoja anatoa kidogo, mwezi huu mmoja ananunuliwa blanketi, mwezi ujao mwingine sufuria. Pesa ikiingia wanaenda kwa wakala pamoja, polepole, na mikongojo yao, wanarudi wamekunywa chai na mandazi hotelini. Nilimwambia nitakuwa namtolea kwa simu asisumbuke kutembea. Alinitazama kama mwizi.

#22 Mwanahesabu
Zanzibar nao wanalipa kila aliyefika miaka 60, hata hakuwa mfanyakazi wa serikali. Bara tunasubiri nini?

#23 Bi Karafuu
Si 60 mwanangu, ni 70. Pensheni Jamii ilianza Aprili 2016, wakati huo shilingi elfu ishirini kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi elfu hamsini. Na ni kweli haitazami kama ulikuwa mwajiriwa au mvuvi. Sixti ni ule umri wa kustaafu, ndio mnaochanganya.

Alosema Mjukuu wa Shosho ni kweli tupu. Zamani walipokuwa wanalipwa mkononi, mamangu alikuwa anaanza kujitayarisha jana yake. Buibui linapigwa pasi, udi unafukizwa, viatu vinatolewa kabatini. Pale wanakutana waliosoma chuoni pamoja, nani kafa, nani kaolewa tena uzeeni, wanacheka mpaka wanakohoa. Pesa zenyewe akifika nyumbani kashagawa nusu kwa wajukuu.

Na tusisahau, Unguja kuna nyumba za wazee Sebleni na Welezo, za serikali, kwa wasio na mtu. Sio zote ni mateso kama watu wanavyosema. Kuna wazee pale wana marafiki kuliko walio kwa watoto wao.

#24 Mwanahesabu
Ahsante Bi Karafuu kwa sahihisho. Ndiyo maana napenda humu.

#25 Shemeji wa Wote
Bara matibabu ya wazee si bure kwa wote wenye miaka 60? Dirisha la wazee lipo kila hospitali.

#26 Nesi wa Zamu
Hapana, hapa watu wanagombana na sisi dirishani bure. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni wa miaka 60 na kuendelea. Msamaha wa gharama ni kwa mzee asiye na uwezo, na kinachohitajika ni atambuliwe na serikali ya kijiji au mtaa ili apate kitambulisho. Kwa hiyo kabla hajaumwa, nendeni kwa mtendaji mkaulize utaratibu. Msije saa tano usiku mgonjwa mgongoni mkaanza kudai dirisha.

#27 Boksi la Lowell
Niko Massachusetts, nabeba boksi, na boksi langu ni wazee. Nawahudumia majumbani kwao. Niwaambie kitu, mnaamini kila mzee Marekani yuko kwenye nyumba ya wazee. Si kweli, walio wengi wanaishi majumbani mwao na wanataka kufia humo humo. Ugomvi wenu huu nao wanaugombana.

Nina bibi mmoja ana nyumba ya vyumba vitano, anakaa chumba kimoja. Mimi kumwogesha na kupanga dawa, halafu kuna kijana wa kujitolea anayeleta chakula cha mchana. Bibi huyo chakula hata hakipendi. Anachosubiri ni kijana kugonga mlango. Anapaka rangi ya mdomo saa tano.

Boston kuna majirani wa mtaa wa Beacon Hill walioanzisha kitu chao mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanakiita kijiji ingawa ni katikati ya jiji. Wanachama ni wazee wenyewe, wanatoa ada kwa mwaka, kisha ukihitaji fundi wa kuaminika, mtu wa kukupeleka kliniki, au wenzako wa kutembea nao asubuhi, unapiga simu moja. Miji mingi ya Marekani imeiga.

#28 Kijiwe Nongwa
Kwa hiyo wazungu wamegundua kikoba.

#29 Boksi la Lowell
Na ada yake ungelipia vikoba vyote vya wilaya. 😂 Lakini ndiyo. Kinachonichekesha na kuniumiza ni kwamba namwogesha mama wa mtu huku mama yangu Moshi ameajiriwa mtu wa kumwogesha, kwa hela ninayoipata huku.

#30 Mlinzi wa Boma
#29 angalau wewe unajua kazi yenyewe ilivyo. Salimia bibi.

#31 Shemeji wa Wote
Kuhusu simu sasa. Wangapi humu mnapiga kila siku mnauliza maswali yale yale? Umeamkaje, umekula, umekunywa dawa. Mama yangu aliwahi kunijibu, "Mimi sipo wodini." Nikabadilisha. Siku hizi nampigia na shida. Namuuliza mahari ya binti wa ukoo fulani ilikuwaje, au mtoto ana kikohozi walikuwa wanampa nini zamani. Mazungumzo yanakwenda dakika arobaini na mimi ndiye natafuta sababu ya kukata.

#32 Nesi wa Zamu
Hayo ya kikohozi msimpe mtoto kila kitu mlichoambiwa jamani.

#33 Bi Karafuu
Mamangu simu yake ya kiswaswadu ina namba kubwa, wajukuu wamemwekea namba moja mimi, namba mbili kakangu, namba tatu muuza duka wa mtaani. Muuza duka ndiye anayepigiwa kuliko sisi. Nikamuuliza mbona? Akanambia, "Yule anapokea."

#34 Kijiwe Nongwa
Bi Karafuu umemaliza watu 😂😂

#35 Mwanahesabu
Nikusanye kidogo: #1 anasema mji, #4 madaraka, #7 masikio na macho, #15 kuta, #19 jumuiya, mimi nilisema ugonjwa ulitangulia. Kila mmoja analeta mzee wake mmoja kama ushahidi. Bado sijaona atakayenieleza kwa nini mama wa Shemeji amestawi Kibaha na mama wa Migombani akashindwa Madale.

#36 Shemeji wa Wote
Kuku.

#37 Ng'wana Sengerema
Labda mama wa Shemeji hakuacha kaburi la mume nyuma.

#38 Shemeji wa Wote
Hapo umegusa. Wazee wangu waliachana zamani, kule hana cha kurudia. Sikuwahi kuliwaza hivyo.

#39 Kaka Mkubwa Tanga
Na lugha. Rombo anaongea Kichagga kutwa. Madale anaongea Kiswahili na wajukuu ambao nusu ya maneno yao ni katuni. Mtu kuchekesha kwa lugha ya pili uzeeni ni kazi.

#40 Mwana wa Migombani
Jamani nashukuru sana, nimesoma yote. Mrejesho: nimeongea na kaka. Tumekubaliana yeye na mdogo wetu wagharamie choo na taa, Fundi nitakutafuta pembeni. Mimi nalipa mama mwingine wa pale jirani awe anabadilishana na yule binti, siku mbili za wiki binti abaki kwao. Mama nilipomwambia kuhusu kupimwa masikio akasema anasikia vizuri ila sisi ndio hatuna la maana la kusema.

Amekubali kuja Dar miezi ya kiangazi, kwa sharti arudi kabla ya kupanda maharage. Kaka anasema hiyo ya kwenda na kurudi ndiyo itamchosha zaidi.

#41 Mlinzi wa Boma
Kwa siku mbili hizo hongera. Msije mkazifuta baada ya miezi miwili hela ikibana.

#42 Nesi wa Zamu
Kwa basi la mchana kutwa, ashuke anyooshe miguu kila basi likisimama. Na dawa ziwe kwenye mkoba wake, sio kwenye buti.

#43 Mpita Njia 99
Mbona rahisi, mpelekeni kituo cha wazee yaishe.

#44 Kijiwe Nongwa
#43 umesoma kichwa cha uzi tu, sivyo?

#45 Mpita Njia 99
Nusu ya kichwa.

#46 Fundi Kipimo
Wanaoniuliza pembeni kuhusu bei, naomba mseme kwanza choo kina sakafu ya zege au ya magogo. Magogo siweki kiti juu yake, hata mnilipe mara mbili.

#47 Kaka Mkubwa Tanga
Fundi, na bao la mninga lenye mashimo 32 unachonga kwa kiasi gani? La baba mdogo bodaboda wameligeuza meza ya chai.